Mtungi wa Matufaha wa Mama Vincent

Musimbi hakunywa chai ambayo hakuiona ikichemka. Akialikwa mahali, alikaa upande wa jiko, akaifuata sufuria kwa macho kutoka motoni hadi kikombeni, na mwenyeji akigeuza mgongo hata kidogo, Musimbi alikumbuka ghafla kwamba ameacha nguo kwenye kamba. Sokoni Kawangware alinusa unga kabla ya kuuliza bei yake. Wauza mboga walimwita Polisi wa Sukuma, nao walimuuzia vizuri, kwa kuwa kumdanganya kulikuwa kazi ya kuchosha.

Alitoka Maragoli, na alikuwa na mtoto mmoja, Vincent, aliyesomea nyumbani kwa nyanya yake. Ndiyo sababu ploti nzima ya vyumba vya kupanga huko Gatina ilimwita Mama Vincent. Aliwafulia nguo watu wa Lavington. Jumapili alijifunga kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa, ambao yeye alikuwa kiongozi wao, na tangu aokoke tone la kileo halikuwa limepita midomoni mwake. Kabla ya hapo pia halikupita, ila kwa sababu nyingine: hakuwaamini wapishi wake.

Mumewe, Phanuel, alikuwa fundi wa lipu na rangi. Mwaka huo wa tisini na sita alikuwa amepata kazi ya kueleweka katika majengo ya Nyayo Highrise, akiziba nyufa na kupaka upya nyumba ambazo wapangaji wamehama. Kazi ilikuwa njema. Ubaya wake ni kwamba ukitoka pale unaingia Kibera, na Kibera palikuwa na chang'aa, ile pombe kali ya magendo, na Phanuel hakujua kupita mlango wa rafiki bila kubisha.

Musimbi alikuwa amegombana na ulevi wa mumewe kwa miaka, kwa sauti ambayo ploti nzima iliizoea kama mvua juu ya mabati. Lakini mwaka huo ugomvi ulibadilika. Ilisemekana kwamba wapishi wengine, ili pombe yao ishike haraka, walikuwa wakiongeza vitu ambavyo havikuwa vya kunywa. Kisha ikatokea ya Oketch. Oketch alikuwa fundi wa mabomba, mwenzake Phanuel kazini na kwenye kikombe. Alilala kwake Kibera akiwa mzima, akaamka akimuuliza mkewe kwa nini hafungui mlango na kumekucha. Mlango ulikuwa wazi, na jua lilikuwa limempiga usoni.

Phanuel alienda kumwona, na kwa siku chache alipitia njia nyingine akitoka kazini. Halafu akaanza tena.

"Hiyo ya Oketch ilikuwa ya mahali pengine," alisema. "Sisi tunakunywa kwa mtu tunamjua."

"Oketch naye alikuwa anamjua wake," Musimbi akamjibu.

Fundi wa lipu hufanya kazi kwa macho. Hutazama ukuta kwa ubavu, akaona mahali ambapo mchanga umevimba kwa unene wa kucha. Akilini Musimbi alimwona mumewe akishikwa mkono kupelekwa chooni, akaona pia kiti ambacho angekalia mchana kutwa mlangoni, na watu wakipita wakimsalimu kwa sauti kubwa kana kwamba upofu ni uziwi. Picha hiyo haikumtoka. Kuhusu kuacha pombe, alikuwa ameshajua kwamba Phanuel hataacha. Basi kama ni lazima anywe, atakunywa kitu ambacho Musimbi mwenyewe amekitazama tangu mwanzo.

Lakini kitu gani? Busaa, pombe ya unga wa mahindi na wimbi, aliijua, alikulia penye mtungi wake. Ila busaa lazima ukaange unga wake uliochacha, na harufu ya ule unga hutembea ploti nzima ikitaja jina lako mlango kwa mlango. Ploti ilikuwa na sheria yake: akipatikana mpishi mmoja, vyumba vyote vinatiwa kofuli hadi mwenye ploti azungumze na askari wa chifu. Makofuli hayo alitembea nayo Nicanor, msimamizi wa ploti, mzee mwembamba mwenye pua ambayo wapangaji waliichukia kuliko makofuli yenyewe.

Jibu alilipata Lavington. Mama Pritchard, mwalimu mstaafu ambaye Musimbi alimfulia, alikuwa na miti michache ya matufaha nyuma ya nyumba, na kila mwaka alitengeneza pombe aliyoiita saida. Musimbi alikuwa ameipita jikoni mara nyingi bila kuitilia maanani. Mwaka huo aliitazama. Hakukuwa na moto, hakukuwa na moshi. Matufaha yalipondwa, yakakamuliwa, maji yake yakatiwa kwenye chupa kubwa pamoja na hamira, na kwenye mdomo wa chupa ukachomekwa mpira mwembamba ulioingia kwenye gilasi ya maji. Ndani ya siku chache ule mpira ukaanza kutoa mapovu majini, moja moja, kama mtu anayesita kusema.

Musimbi hakuuliza swali hata moja. Kuuliza kungemfanya Mama Pritchard ajiulize kwa nini anaulizwa, na mtu akishajiuliza huanza kuhesabu vijiko. Alijifunza kwa ncha ya jicho, akipiga pasi.

"Hiyo ya chini chukua tu, Musimbi," Mama Pritchard alimwambia siku moja, akionyesha matufaha yaliyoanguka. "Itaoza."

Kwa nini leo, Musimbi alijiuliza, na mwaka jana aliacha yakaoza? Aliyaokota yote, na kufika nyumbani akayakata moja moja katikati ili aone ndani. Ndani hamkuwa na kitu ila mabuu wachache, na mabuu, kwa maoni yake, walikuwa dalili njema: mdudu hali sumu.

Mtungi wa plastiki ulimchukua muda mrefu kuupata. Wauza mitungi waliosha kila kitu kwa sabuni ileile na kuapa kwamba ilikuwa na mafuta ya kupikia. Alinusa karibu meza nzima mpaka muuzaji akamwambia, "Mama, ukimaliza kunusa, nibakishie harufu ya kesho." Alichagua mmoja, akausugua kwa majivu na changarawe, akaumwagia maji yaliyochemka, akaunusa tena.

Kinu aliazima kwa jirani, Nabalayo, Mbukusu wa kanisa lake, mwanamke mwema mwenye mdomo usio na kifuniko. Aliyatwanga matufaha Phanuel akiwa kazini, akayakamua kwa kitambaa cha mto alichokuwa amekichemsha, akaongeza sukari na hamira. Mpira ndio ulimsumbua. Mwishowe alifungua sanduku la vifaa vya mumewe, akatoa levo, ule mpira mwembamba wa kupenyeza mwanga ambao mafundi hujaza maji kupimia usawa wa ukuta, akakata kipande kama urefu wa mkono. Alikichomeka kwenye tundu la kifuniko, akaziba kwa nta ya mshumaa, na ncha ya pili akaitumbukiza katika chupa ya maji. Mtungi akauweka nyuma ya pazia la kitanda, akaufunika kwa leso.

Nabalayo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

"Kinu changu siku hizi kinanukia kama sabuni ya hoteli," alisema. "Ulikuwa unatwanga nini, dada?"

"Dawa ya tumbo."

"Ya nani?"

"Ya nyumba."

Kisha akaja Nicanor, akasimama mlangoni kichwa kimeinama upande mmoja.

"Mama Vincent, naskia kuna kitu kwako kinaongea."

"Ni redio."

"Redio gani inasema glu, halafu inanyamaza, halafu inasema glu?"

Musimbi aliona afadhali uongo ulio karibu na ukweli. "Ni siki, mzee. Ile ya kuweka kwa kachumbari. Nimeonyeshwa na mzungu wangu."

"Na siki inapumua?"

"Ya wazungu inapumua."

Nicanor alivuta hewa polepole, kama anayeonja supu. Alisikia tamu, na tamu haikuwa harufu aliyofundishwa kukamata. "Mimi niko na pua, mama," alisema. "Chifu naye ako na askari. Usinikutanishe na yeye juu ya kachumbari."

Tangu siku hiyo Musimbi hakutulia. Nicanor alikuwa na funguo za ziada. Nabalayo alikuwa na maswali. Aliporudi kutoka Lavington kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu, aliinua leso, akabandua nta, akafungua mtungi na kuchungulia ndani kwa tochi. Alinusa. Alikoroga kidogo kwa mwiko, aone kama kuna kitu kimewekwa chini. Halafu akafunga tena na kuziba upya. Baada ya muda povu lilipungua, kisha likakoma, na yeye akaendelea kufungua. Tududu twembamba tulianza kuzunguka kifuniko. Harufu ikawa kali, ya kuchoma pua. Musimbi aliridhika. Harufu ya mumewe akirudi kutoka Kibera pia ilikuwa ya kuchoma pua, na huo ndio ujuzi wote aliokuwa nao kuhusu pombe.

Phanuel kwa upande wake alikuwa na mambo matatu yaliyomkosesha raha. La kwanza, levo yake ilikuwa fupi. Aliijaza maji mbele ya msimamizi wa kazi, akaivuta, haikufika pembe ya chumba, na wenzake wakamuuliza kama ameiosha kwa maji moto ikajikunja. La pili, Nabalayo alimkuta kwenye mfereji akamwambia, "Pole na tumbo, Baba Vincent." Alipouliza tumbo gani, Nabalayo akasema, "Si ile dawa mama anakutwangia." La tatu ndilo lililokuwa zito. Musimbi alikuwa ameacha kugombana naye. Alirudi amelewa, akakuta chakula kimefunikwa na mke akifuma kitambaa, hakuna neno. Phanuel alikuwa amewasikia wanaume wakisimulia. Mwanamke akipiga kelele bado anatafuta njia. Mwanamke akinyamaza ameshaipata, kwa mganga.

Jumamosi mchana Musimbi alimwekea kikombe mezani.

"Ni nini hii?"

"Ni pombe."

Phanuel alicheka kwa pua. "Wewe. Pombe."

"Ya matunda. Haijaguswa na mtu. Nimeiangalia tangu ikiwa tunda."

Aliisogeza kuelekea kwake. Phanuel akairudisha kwa kidole kimoja.

"Onja," akasema.

Hilo Musimbi hakulitarajia, na alipaswa kulitarajia. Kwao, mwenye pombe ndiye huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Ni kuondoa uchawi, ni kusema kwamba kama kuna kitu humu basi kitaanza na mimi. Hata adui akikupokea na pombe, akishaonja, unakunywa. Asipoonja, unachukua fimbo yako unaenda, na hakuna atakayekulaumu.

"Unajua nimeokoka," Musimbi akasema.

"Na wewe unajua vile kwetu tunafanya. Hata nyanya yangu, na alikuwa mkali kuliko wewe, alikuwa anaonja."

"Nyanya yako hakuwa kiongozi wa kina mama."

"Hakuwa pia na dawa ya tumbo." Phanuel aliinamia meza. "Mama Vincent, ni lini mara ya mwisho umenipigia kelele?"

"Sasa unataka nikupigie?"

"Nataka kujua ni nani amekunyamazisha. Kuna jamaa hapa nyuma ya kanisa aliwekewa kitu na bibi yake. Siku hizi anafua mpaka pazia, na anaimba akifua."

"Kufua si ugonjwa."

"Kuimba ndio ugonjwa," Phanuel akasema, akavaa koti, akaenda Kibera.

Asubuhi yake alimwambia mkewe afunge pazia, mwanga unamuumiza. Pazia lilikuwa limefungwa. Alisema kuna kitu kama maziwa mbele ya macho. Musimbi aling'oa kalenda ukutani, akamshikia mbele ya uso, akamwambia asome. Zile tarehe kubwa alizisoma. Majina ya miezi hakuyaona. Aliyataja kwa kukisia, kwa mpangilio, mpaka Musimbi akaigeuza kalenda juu chini na yeye akaendelea kusoma.

Alimshika mkono hadi zahanati. Njia nzima Phanuel alikanyaga kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na Nabalayo, aliyekuwa akielekea kanisani, alisimama akawatazama bila kupata la kusema, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Zahanati walimtibu, wakamweka mpaka jioni, wakamwambia kwamba amebahatika na kwamba bahati ya namna hiyo haina ndugu. Siku baada ya siku maziwa yalipungua. Aliposoma maandishi madogo ya chini ya kalenda, jina la duka la vifaa vya ujenzi na barabara lilipo, Musimbi aliingia nyuma ya pazia la kitanda akakaa huko kwa muda.

Jumamosi ikafika tena. Phanuel akaanza kutafuta viatu.

"Unaenda wapi?"

"Kusalimia watu."

"Phanuel." Hakumwita kwa jina mara nyingi.

"Ile ilikuwa ya mpishi mgeni. Naenda kwa yule wa zamani. Kikombe kimoja tu, nikate kiu."

Musimbi alienda nyuma ya pazia, akauburuta mtungi mpaka katikati ya chumba, leso na mpira wake vikifuata, akajaza kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Kikombe cha bati, kile kikubwa cha uji. Alisimama mbele ya mumewe ili aone vizuri. Alifunga macho, si kwa sala, maana hakujua amwombe Mungu nini katika jambo hilo, akanywa.

Kilimshika koo kama mkono. Alidhani hivyo ndivyo ilivyo, ndiyo sababu wanaume hukunja sura. Aliendelea. Machozi yalitoka, pua ikafunguka, naye akameza mpaka akaona chini ya kikombe, kwa sababu alijua kwamba akibakisha, Phanuel atauliza kuhusu kilichobaki.

"Haya," akasema, sauti imekauka. "Nimeonja."

Phanuel, kiatu kimoja mkononi, alimtazama kwa muda kama anayengoja ukuta ukauke. Mke wake hakuanguka. Hakuanza kuimba. Akachota kidogo, akatia mdomoni, akakimbilia mlangoni kutema.

"Mama Vincent," alisema aliporudi, akijifuta, "hii ni siki."

"Ni pombe."

"Ni siki. Hii unaweka kwa kachumbari. Na wewe umemeza kikombe ya uji mzima?" Akaketi kitandani. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Musimbi akasimama pale na kikombe chake, asijue kama amevunja kiapo au la. "Mwenyewe hukujua?"

"Ningejuaje?"

"Ulikuwa unaifungua?"

"Kila jioni."

"Ya nini?"

"Nione kama kuna mtu ameweka kitu."

"Mtu nani?"

"Mtu," Musimbi akasema.

Phanuel aliacha kucheka. Alitazama ule mtungi, ile nta iliyobanduliwa na kuzibwa mpaka ikawa kama kidonda, kile kipande cha levo yake. Alielewa kwamba hakuna mganga anayefundisha mtu kazi mbaya namna hiyo. Dawa ya kweli ingekuwa tamu.

"Pombe haifunguliwi-funguliwi," alisema. "Hata nyanya alikuwa anatuchapa mikono tukifunua mtungi. Ikishaacha kuchemka, ukiipatia hewa unaiua. Hayo matunda, mzungu wako ako nayo mengine?"

Siku hiyo hakwenda Kibera. Kiatu kilikuwa kimevaliwa kimoja tu, na mazungumzo yalikuwa yamefika mbali.

Mtungi wa pili waliutengeneza pamoja, na mtu asidhani ni kwa mapenzi. Phanuel alitaka kuona kila kitu kinachoingia. Alikagua hamira, akakagua sukari, akamfanya Musimbi anawe mikono mbele yake na kukunja mikono ya blauzi. Musimbi naye alitaka kuona kila kitu kinachofanywa na Phanuel. Walipoziba kifuniko, Phanuel aliweka juu ya nta alama ya kidole gumba chake, na Musimbi, baada ya kufikiri, akaweka ya kwake kando. Ikabaki shida ya ulinzi. Phanuel hakumwamini mkewe na mtungi peke yake. Alianza kurudi moja kwa moja kutoka kazini, akipita ukingo wa Kibera haraka kama mwenye mgonjwa nyumbani, ili awahi kabla Musimbi hajapata nafasi ya kuongeza kitu. Musimbi hakumwamini mumewe asiuchote kabla ya wakati. Aliacha kukaa nje na wanawake. Walikaa jioni nzima kila mmoja upande wake, mtungi katikati ukisema glu, wakizungumza kwa kukosa la kufanya. Walikuwa hawajazungumza hivyo tangu Vincent akiwa ananyonya.

Kuta za mabati hazifichi kitu, na ile Jumamosi ya siki Nabalayo alikuwa amesikia yote. Kina mama wa kanisa walimwita Musimbi.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Wanasema ilikuwa siki."

"Ile ilikuwa siki. Lakini nilikunywa nikidhani ni pombe. Na kuna nyingine inakuja, nayo pia nitaionja."

Hawakuwa na sheria ya mtu anayekiri dhambi ambayo hajaifanya na kuahidi nyingine. Walijadiliana kwa muda mrefu. Mwishowe walimwambia avue kitambaa, na Musimbi akakivua, akakikunja vizuri, akawapa. Iliuma kuliko alivyokuwa amejiandaa. Alihamia benchi la nyuma, na huko akagundua kwamba mtu aliyekaa nyuma humwona kila anayeingia na kila anayetoka, na ni nani hufungua macho wakati wa sala.

Nicanor alipewa chupa ya ile siki, aipeleke mwenyewe kwa mwenye ploti kama ushahidi kwamba ni siki tu. Alirudi akiomba nyingine.

Mtungi wa pili ulipotulia na kutakata, Phanuel ndiye aliyebandua nta, baada ya alama mbili za vidole kukaguliwa na pande zote mbili. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, na harufu yake haikuchoma. Alimimina kikombe kimoja, akakisukuma mezani.

Musimbi alikichukua, akapiga funda moja, akakirudisha.

"Umemeza?" Phanuel akauliza.

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

Akafungua. Phanuel akaegemea mbele, akamchungulia hadi kooni, kwa macho yake mawili mazima.